Achari Yetu Imepita Hadi Jikoni

Mama yangu,

Leo asubuhi nimecheka peke yangu jikoni mpaka Bi Mishi akaweka kisu chini akaniuliza kama mimi ni mzima. Nikamwambia, "Imepita." Akajifunika uso kwa leso akalia. Wamjua Mishi wako, akifurahi hulia. Alhamdulillahi, Mama! Maboksi ya achari yameingia Uingereza bila kutozwa ushuru, na wewe ndiye niliyetaka kukwambia mwanzo.

Wakumbuka siku tuliyosikia Waingereza wameamua kutoka kwenye ule umoja wao wa Ulaya? Ulikuwa wamenya maembe mabichi, redio iko dirishani. Nikasema, "Sisi yatuhusu nini?" Ukanitolea macho. "Yatuhusu nini? Kwani achari yangu yaliwa wapi, Marikiti hapa mjini?" Kweli, sehemu kubwa ya tulichopika ilikwenda kwa Swaleh, mwenye duka kule Uingereza, nayo ilipita bure kwa sababu umoja mzima ulikuwa umekubaliana hivyo na Kenya. Wakitoka, watajipangia ushuru wao wenyewe, kwa kila bidhaa na kila nchi. Swaleh alitwambia wazi kwamba tukitozwa, hataweza kuichukua tena. Na bila Swaleh, jiko letu lingezimika, letu sisi na la Bi Mishi na wenziwe wanaokata maembe.

Mimi sikuelewa kwa nini kutoka kwenye umoja kumfanye mtu abadilishe mambo ya mlangoni. Ukanieleza kwa talaka yako, wallahi hukuwa na haya! "Nilipokuwa kwa mama mkwe," ukasema, "mlango ulikuwa wa nyumba nzima. Mgeni akikaribishwa na mmoja, amekaribishwa na wote. Nilipoachwa nikaja kukaa hapa Kibokoni, ikanibidi nianze upya. Huyu akomee barazani, huyu aingie ukumbini, huyu apite hadi jikoni."

Nami nikaikumbuka siku ile, ingawa nilikuwa mdogo. Bi Mishi alikuwa akiingia jikoni kwa mama mkwe wako bila hodi. Alipotujia huku mara ya kwanza alisimama kwenye ngazi na kikapu cha maembe kichwani, hajui apande au arudi kwao. Jasho lamtoka, na hodi haipigi. Wewe ukachungulia kutoka juu ukampigia kelele, "We Mishi, umeota mizizi hapo? Wewe ni wa jikoni!" Basi Mama, muda wote ule wa kungoja Waingereza waamue, sisi ndio tuliokuwa Mishi pale ngazini.

Ukaugua nasi tungali ngazini. Kila nikikuletea uji ulikuwa ukiuliza, "Wametuita?" Nami nikijibu, "Bado, Mama." Nilikuzika jibu halijaja, na hilo liliniuma kuliko yote.

Kisha likaja. Kenya na Uingereza zikakubaliana, bidhaa za hapa zipite bila ushuru kama zamani. Nikapeleka maboksi mbiombio, na yalipofika yakazuiwa! Makubaliano ni ya vitu vilivyotengenezwa Kenya, nasi chupa zetu zimeandikwa kwa herufi za dhahabu, "Achari ya Bombay." Zamani hakuna aliyejali. Sasa utaratibu ni mpya na kila kitu chasomwa. Bwana Katana, wakala wetu wa forodha pale Makadara, alijishika kichwa. "Dada Nuru, karatasi zasema Kenya, chupa yasema Bombay. Wewe ungeamini ipi?"

Mama, jina lako hilo la Bombay! Nilikwambia mara ngapi? Nawe ukanijibu, "Nani atanunua achari ya mtalaka wa Kibokoni? Watu wapenda kitu cha Bombay." Na hiyo Bombay hukuwahi kuiona hata kwa picha. Maembe ni ya Kilifi, pilipili ni za shambani kwa kina Mishi, halafu sisi twaenda kupiga hodi kwa jina la jirani. Nilikasirika, nikacheka, nikakasirika tena. Swaleh alilipa ushuru wote ili ayatoe yale maboksi, akanipigia simu. "Bi Nuru, nimefanya kwa heshima ya mamako. Mara ya pili siwezi."

Basi tukaketi ukumbini, mimi na Bi Mishi na wenziwe, na beseni za maji ya moto, tukakwangua karatasi za Bombay kwenye chupa zote zilizobaki. Wao wakicheka, mimi nikihesabu chupa. Niliogopa wateja wataikataa, kama ulivyokuwa ukiogopa wewe. Jina jipya sikulitafuta mbali. Nikaandikisha, "Achari ya Bi Rukiya, Kibokoni, Mombasa." Bi Mishi alipoiona chupa ya kwanza aliigeuzageuza mkononi. "Ah, angekugombeza huyu!" akasema. Najua. Ungenigombeza mpaka majirani wasikie.

Maboksi mapya yakaenda. Sikulala vizuri mpaka leo, ulipoingia ujumbe wa Swaleh. Nimeusoma nimesimama jikoni, pale pale pako, kando ya dirisha la redio. Nimehisi mabega yamelegea, nikajua nilikuwa nimeyakaza tangu ulipoanza kuugua. Wanawake watakata maembe kesho. Jiko litawaka. Sijui nimshukuru nani kwanza baada ya Mungu, kwa hivyo nakushukuru wewe.

Alichoandika ni hiki: "Imepita, hakuna ushuru. Lete zaidi. Na wateja wananiuliza, huyu Bi Rukiya ni nani?"

Pumzika sasa, Mama. Wametuita. Nimemjibu Swaleh kwamba ni mama yangu.

Mwanao uliyemlea peke yako,
Nuru