Masale Mbele ya Baraza

Jumamosi, 3 Agosti 2024

Wateja wa kwanza wamekuja leo. Ukungu! Asubuhi yote mlima umejifunika gubigubi, hata zizi hapo chini halionekani. Sefu dalali kapandisha watu na gari la kukodi kutoka mjini, wamesimama barazani wanatetemeka, yeye ananyoosha kidole kwenye weupe mtupu: pale ni Usa River, kule ni tambarare yote, siku ikiwa safi Kilimanjaro inakaa hapa kushoto. Wakatazama kidole. Nikawapa chai ya maziwa, wakanywa, wakashukuru, wakaenda zao. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wazee. Mimi sijapona. Nimeosha vikombe.

Sefu ni mtu mwema, siwezi kumsema. Kazaliwa Lemara mjini, kakulia Lemara, ng'ombe anamjua kwenye supu. Ametuweka mtandaoni, akanionyesha kwenye simu: "Ranchi ya mlimani, ekari kumi na nne, nyumba ya mawe, view ya bonde." Ranchi! Ng'ombe wawili na ndama anayeharisha.

Mama hakutoka chumbani. Macho yake siku hizi ni mwanga na kivuli cha mtu, basi. Lakini masikio — mh! Jioni aliniuliza yule mama aliyekohoa kama kapata dawa.

Jumatatu, 5 Agosti

Mgongo. Kukamua, kukata majani, kumwogesha Mama, kuteka maji mtoni kwa sababu bomba limeziba tena. Nikiinama sinyanyuki, nikinyanyuka siinami.

Yoeli kapiga simu. Kitinda mimba wetu, bwana wa Njiro, mjini. Kwa desturi yetu boma la wazazi ni la kitinda mimba, kwa hiyo anaona anauza chake. Lakini Mama yuko hai na shamba lina jina lake. Asipokubali hakuna kuuza. Na hajakubali. Wala hajakataa! Kila akiulizwa anasema ataongea na Baba kwanza. Baba kazikwa hapo mbele ya baraza tangu 2011, chini ya masale, ile mimea ya majani marefu tunayopanda makaburini.

Yoeli anasema Mama ataenda kukaa kwake. Chumba kiko tayari, choo cha ndani, maji ya moto, hospitali karibu. Nikamuuliza, na mimi? Akasema Dada, wewe utapumzika. Wapi, hakusema. Chumba changu cha kupanga Sekei nilikiacha nilipokuja kumtazama Mama, na cherehani nikaiuza.

Lakini niandike ukweli, hapa hakuna anayesoma. Aliposema choo cha ndani, moyo wangu uliruka. Nimechoka mwili na roho. Wangekuja wateja wa kuninunua mimi ningekwenda.

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane. Watu wote wako kwenye maonyesho. Baridi.

Mama kaomba nimpeleke kwa Baba. Huwa namshika mkono hadi mwisho wa ngazi, halafu ananiachia, anatembea mwenyewe mpaka vidole vyake vikutane na masale. Anayapapasa moja moja. Ndivyo anavyojua kafika. Aliyapanda yeye, vipande kavileta kutoka kwao, na yamekuwa marefu kumpita. Akaanza kuongea Kimeru taratibu, nikasogea pembeni. Nilisikia tu anamwambia ndama kapona.

Sikusikia neno la kuuza.

Jumatano, 14 Agosti

Sijui kama nitaweza kuyasoma haya.

Nilishuka Tengeru kuuza parachichi. Narudi mchana, naona Sefu barazani na vijana wawili wenye mapanga, jasho linawatoka, wanacheka. Sefu ananiita kwa furaha: Dada Anaeli, njoo uone, sasa view iko wazi! Na kweli ilikuwa wazi. Bonde lote. Masale yamefyekwa mpaka chini, yamerundikwa kwenye uzio pamoja na magugu. Kaburi la Baba liko uchi katikati, saruji tu.

Nilikaa chini. Hapo hapo kwenye majani, na kapu langu.

Sefu kasema Yoeli kampigia, kamwambia fyeka kila kitu mbele ya baraza, kesho anakuja mteja mkubwa. Nikamwambia Sefu, hayo si majani. Hiyo ni alama ya kaburi, na ni amani ya nyumba, sale halikatwi ovyo hata likiota njiani. Akashika kichwa. Jamani Dada, mimi nilijua ni maua! Akaokota machache, akaanza kuyachomeka ardhini moja moja kwa mikono yake. Yakalala. Nilimhurumia, nikamwambia aende nyumbani.

Lakini Yoeli si wa Lemara. Yoeli kalelewa hapa.

Mama alikuwa ndani muda wote. Alisikia mapanga, akadhani wanakatia ng'ombe majani. Akaniambia niwape wale vijana maziwa. Sikumwambia kitu. Nimeshindwa.

Alhamisi, 15 Agosti

Mteja mkubwa kaja. Bwana Romanus, mtu mzima, mpole, kofia kichwani. Na siku gani! Anga safi, Kilimanjaro yote na theluji yake, mpaka nikamkasirikia Mungu kidogo. Akatembea shamba zima. Anataka kujenga vyumba vya watalii. Akasema hapa ndipo penyewe, ila anataka jibu Jumapili, kuna shamba jingine anaangalia. Halafu, kwa adabu kabisa, akauliza kama kaburi linaweza kuhamishwa. Sefu akaangalia viatu vyake.

Hapo Mama akatoka. Na fimbo yake, kanga mpya. Bwana Romanus akasema Shikamoo Bibi, Mama akaitika Marahaba mwanangu, karibu, halafu akashuka ngazi kabla sijamfikia. Akatembea kama kawaida yake. Akanyoosha mkono.

Hakuna kitu.

Akasogea mbele, akanyoosha tena, anapapasa hewa, huku na huku. Akasema, "Anaeli, nimepotea?"

Nilimwambia hujapotea Mama, umefika. Akainama, akapapasa chini, akavikuta visiki. Akavigusa kimoja kimoja. Bwana Romanus kavua kofia. Mama akauliza nani. Ningeweza kusema Sefu, naye alikuwa amesimama pale tayari kubeba lawama. Nikasema Yoeli.

Akarudi ndani mwenyewe. Aligonga bega kwenye mlango.

Ijumaa, 16 Agosti

Mama hali. Maji tu. Amesema neno moja leo nzima: aliyekata sale la baba yake asiseme na mimi.

Nimempigia Yoeli. Akasema Dada, ni majani tu, si yataota tena? Ni kweli yataota. Nikamkatia simu, nikalia kwenye banda la ng'ombe. Nalia kwa hasira, nalia kwa uchovu, sikuweza kutofautisha. Ng'ombe alinitazama akaendelea kutafuna.

Sefu kaleta uji wa lishe na machungwa. Hakuzungumzia shamba.

Jumamosi, 17 Agosti

Yoeli yuko nje. Naandika jikoni, maziwa yako motoni.

Gari kaliacha getini, akapanda kwa miguu. Nikatoka nimwambie maneno yangu yote niliyoyapanga usiku — nikaona mkono wake. Kashika sale. Jani moja, limefungwa fundo. Makubwa! Yoeli, anayesema mila ni mambo ya kizamani!

Ukiletewa sale hukatai. Hata aliyekumwagia damu, akija na sale unalipokea, na kosa linaishia hapo. Mama katulea hivyo. Mpaka lipokewe aliyelileta haketi, kwa hiyo kasimama barazani, macho mekundu. Kasema Dada, nimekosa, sijalala. Nikaanza kulainika. Halafu akasema, na Bwana Romanus anataka jibu kesho, Mama akinipokea tutaongea yote leo yaishe. Sijui alikuja kwa lipi. Labda yote mawili. Labda na yeye hajui.

Nikalitazama lile jani. Ncha imekauka, na lina tope. Nikageuka kuangalia rundo kwenye uzio. Limevurugwa juu.

Sale unalikata kwako. Kwenye mpaka wako, unatoka nalo nyumbani kwako. Huombi msamaha kwa mali ya uliyemkosea. Hili nalo Mama katulea nalo. Na hili ni la Baba.

Mama kasikia hatua. Kaita kutoka chumbani: ni Yoeli? Nikasema ndiyo. Ameshika nini? Nikasema sale. Nikasikia kitanda, nikasikia anatafuta fimbo. Akilipokea, hata jioni haifiki atakuwa amekubali kuuza, namjua. Kesho Bwana Romanus. Choo cha ndani. Mgongo wangu. Asipolipokea ni mimi na bomba lililoziba mpaka mmoja wetu azikwe.

Nikasema naangalia maziwa, nikakimbilia huku.

Maziwa yamefurika, yamezima moto. Yoeli bado kasimama, namwona dirishani, kahamishia jani mkono wa pili. Nyuma yake bonde lote linaonekana.

Mama keshafika mlangoni. Nasikia fimbo yake imesimama. Hafungui. Ananiita mimi, sauti ya chini, Yoeli asisikie:

"Anaeli. Wewe umefika kwake Njiro. Kuna masale kule?"

Nimefika. Ni ukuta, geti na saruji mpaka mlangoni. Ananisubiri nijibu.