Pasi ya Shangazi na Ushungi Wako wa Kijani

Bibi,

Leo nimekalia blanketi lako la viraka mbele ya Shangazi Mwajuma. Usicheke bado.

Harusi ya dada Zainabu ni Jumamosi, na blanketi hili ndilo zawadi yake. Ule mstari wa mwisho wa viraka uliotuachia bila kushonwa, nimeuunga mwenyewe kwa mkono. Lakini mishono ilivimba. Shangazi akaipapasa, akakunja uso: "Tumupe bibi arusi mugongo wa mamba?" Akawasha makaa uani, akayatia kwenye pasi.

Shangazi hajui kama vile vipande vya kijani ni ushungi wako wa Idi, ule ulioukata kwa siri, mi tu nikiona, ili Zainabu aende kwa mumewe na kitu chako. Anafikiri ni hariri. Mi ninajua ni nailoni, ikiguswa na pasi inayeyuka. Nilitaka kusema. Unanijua: mbele ya wakubwa sisemi, si kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa cha shule. Pasi inakuja, inatoa moshi, na mi natazama miguu ya Shangazi.

Basi nikakaa. Juu ya blanketi, kitako chote.

"We mutoto, simama! Umerogwa?"

"Apana."

Nikavuta pembe moja, nikageuza mshono upande wa ndani, nikaubonyeza kwa ukucha wa kidole gumba badala ya pasi, kidogo kidogo, bila kuburuta. Ulipokuwa unanifundisha ulinigombeza sana: "Ukivuta, kiraka kinakuwa mudomo wa bata!" Kisha nikaulaza upande wa rangi nzito. Nailoni ina kichwa kigumu, ikainuka. Nikabonyeza tena. Shangazi amesimama na pasi yake, jivu linadondoka.

Ndipo nikanong'ona: "Ni ushungi wa Bibi. Utaungua."

Akaiweka pasi chini, mbali. Akakaa kando yangu, akashika pembe nyingine. Alipovunja ukucha alikutukana kidogo, halafu akalia.

Nami nikuambie ukweli: nimekukasirikia tangu siku tulipokuzika. Uliniachia siri, mimi nisiyejua kusema. Leo hasira imepungua. Haijaisha.

Jumamosi wakwe zake wa mtaa wa Kinanira watalikunjua blanketi, watauliza kile kijani ni nini. Nakuahidi sitajificha nyuma ya Shangazi. Nitataja jina lako, hata sauti ikikatika.

Kwa heri, Bibi wangu. Kidole gumba kinauma. Nimekibusu badala ya mkono wako.

Salma wako