Mjukuu Hakupewa Jina Langu

Ijumaa, Riyadh. Vumbi limetanda tangu asubuhi na jua linaonekana kwa shida. Madam amefunga madirisha yote. Mimi nimejifungia chumbani kwangu, nimesema kichwa kinauma. Si kichwa.

Njeri, mwanangu wa pekee, amejifungua msichana. Wamempa jina la Muthoni, dada yangu.

Nieleze, maana wanaosoma blogu hii si wote Wakikuyu. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Wa pili hupewa jina la mama wa mama yake. Huyu ni wa pili. Alipaswa kuitwa Nyambura, yaani mimi. Na hatakuwepo mwingine. Upasuaji ulikuwa mgumu, na daktari amemwambia Njeri asijaribu tena.

Kinachonitia aibu ni kwamba nilikuwa nimeshajitangaza. Madam wangu ni Mkanada, na mababu zake walitoka Ufaransa enzi zile Kanada ilipokuwa koloni la Wafaransa. Kila wikendi anawatafuta kwenye kompyuta, na mimi namsaidia kusoma majina huku nikikunja nguo. Ni kazi ya kukutia wazimu. Karibu kila msichana alibatizwa Marie na kila mvulana Joseph. Ndugu wa baba mmoja wana majina tofauti ya ukoo, kwa sababu mmoja alishika jina la utani ambalo babu yao alipewa jeshini. Nilimwambia Madam kwamba hao watu walikuwa wanakwepa polisi. Alicheka hadi akajifuta machozi.

Wiki iliyopita aliniuliza sisi tunapeana majina vipi. Nilimweleza kwa maringo. Nilimwambia kwetu mtoto akichukua jina lako anachukua na nafasi yako, hata wanamwita vile wanavyokuita wewe. Mtoto mwenye jina la mama yako unamwita mama. Subiri tu, nikamwambia, hivi karibuni Njeri ataanza kumwita mtoto wake mami, vile anavyoniita mimi, na huyo mami ni mimi.

Leo, ujumbe ulipoingia, Madam aliuliza kabla hata sijaweka simu chini. Nilimwambia. Akasema kwa wale mababu zake isingekuwa ajabu. Kwao mtoto mara nyingi alichukua jina la mama wa ubatizo, yule aliyesimama naye kanisani na kuahidi kumlea. Bibi angeweza kufa bila kumwachia mtu jina. Alitaka kunifariji, maskini. Nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Kwa sababu ni kweli, Muthoni ndiye aliyemlea Njeri. Njeri alikuwa darasa la saba nilipoondoka kwenda Jeddah, mkataba wa miaka miwili tu. Ikama, kibali changu cha kuishi huku, ikaongezwa muda. Nikahamia Riyadh, ikaongezwa tena. Muthoni ndiye aliyemnunulia pedi za kwanza, akampeleka sekondari, akakaa naye hospitalini mara zote mbili. Mimi nilikuwa natuma hela na picha. Mchana huu nimejaribu kumchukia dada yangu na imenishinda.

Lakini naumia. Naumia vibaya, na sina wa kumgombeza.

"Usikasirike," Njeri anasema kwenye ule ujumbe wa sauti. "Auntie ndiye alikuwa hapa. Ukipata nafasi umsalimie mtoto."

Nimeusikiliza tena na tena, nikitafuta kama sauti yake ina majuto. Haina. Ana furaha, na kwa nini asiwe nayo?

Nimejiambia nitapiga simu kesho Madam akienda sokoni. Kwa desturi mimi nitamwita huyu mtoto dada, na hilo naliweza. Nimelisema mara kadhaa hapa kitandani, na sauti haikukatika sana.

Ila sasa hivi nimeusikiliza ujumbe hadi mwisho kabisa, baada ya maneno. Mtoto analia na Njeri anambembeleza. Mtoto mwenye jina la Muthoni alipaswa kuitwa auntie.

"Nyamaza, mami," Njeri anamwambia. "Nyamaza, mami wangu."

Nikipiga kesho, mimi Njeri ataniita nani?