Rangi Kwenye Ncha za Kuni

Jumapili, 12 Januari

Mume wangu leo kaamka kabla yangu. Tangu mgongo umlazimishe kufunga karakana, mwaka mzima sasa, Fundi kazi yake ni kukaa sebuleni na kutafuta kasoro kwenye viti alivyotengeneza mwenyewe. Jana nikamwambia, basi nikaushie kuni za jiko langu la nyama ya kuuza, mbao unazijua kuliko mimi. Nilisema tu ili ainuke. Leo saa moja asubuhi yuko uani, tepu mkononi, penseli sikioni. Penseli — ya kuni! Kila gogo analibeba kama mtoto mchanga, mgongo usije ukasikia.

Jumanne, 21 Januari

Mpera wote umepangwa kivulini, vijiti kati ya safu na safu, hewa ipite. Mwembe upande wake. Msonobari kaukataa katakata, eti utomvu wake utaipa nyama ladha ya vanishi. Hapo kweli. Jioni kala sahani mbili, kaimba bafuni. Sijui mara ya mwisho ilikuwa lini. Nimefurahi, basi.

Ijumaa, 6 Juni

Leo tumeanza kuni za Fundi. Moshi mweupe, mzito — kinyozi wa jirani katoka nje, kamwacha mteja nusu kichwa, kuuliza kama tunaungua. Mbavu zimetoka nyeusi. Nimeonja kwa siri nyuma ya friji. Chungu, kama kulamba masizi. Mpera haufanyi hivi. Mpera ukikauka, moshi wake mwembamba, wa kibuluu, unaingia nyamani polepole na utamu wake. Miezi mitano kivulini, na bado?

Jumamosi, 7 Juni

Kinyozi kasema atakula maharage nyumbani, tumbo halitaki nyama. Mwongo huyo. Miaka tisa tumbo lake linataka kila Jumamosi. Wengine wawili wameacha nyama sahanini. Fundi kauliza kulikoni. Nikasema joto.

Jumanne, 10 Juni

Nimegundua.

Fundi alipokwenda zahanati nilichukua gogo nikaligeuzageuza. Ncha zote mbili zimepakwa rangi ya mafuta, ya kijani. Siku zote naiona nikidhani ni alama zake za kuhesabia. Kumbe ndivyo maseremala wanavyofanya, ncha zizibwe, ubao ukauke taratibu usipasuke. Ubao wa meza, sawa. Lakini kuni, mume wangu, zikipasuka kuna hasara gani? Akili nyingi huondoa maarifa. Nimelichanja gogo kwa shoka: katikati bichi, baridi, maji yamefungiwa humo tangu Januari.

Nilicheka peke yangu mpaka nikashika ukuta. Halafu kicheko kikakatika. Nikimwambia, atarudi kukaa sebuleni. Ninachoogopa ni hicho tu. Wateja wakikimbia nitawabembeleza, watarudi. Yeye sina uhakika.

Jumatano, 11 Juni

Nimenunua mzigo wa mpera mkavu, nimeuficha nyuma ya mapipa ya maji. Nawasha huo. Za Fundi nazipanga karibu na jiko, azione. Moshi mwembamba, nyama imenoga. Kinyozi karudi, tumbo limepona ghafla. Fundi kala ubavu kafumba macho, kasema unaona, Mama, mti ukipewa muda wake? Nikasema naona.

Nimesema uongo kwa heshima, lakini ni uongo. Hata hivyo, kashinda anapiga mluzi, na mimi nikashinda namsikiliza.

Jumamosi, 14 Juni

Asubuhi nimemkuta uani na msumeno, anakata ncha za magogo yote. Vipande vya kijani vimemzunguka. Njia ya mwongo ni fupi: kasema jana aliokota kuni moja jikoni, nyepesi mno mkononi, tena haina rangi. Miaka thelathini na nne mtu anapima mbao kwa kiganja, mimi nikadhani nitamdanganya kwa mapipa.

Wala hakununa. Anayachanja katikati, anayapanga upya, safari hii juani. Kasema nisiyaguse mpaka Septemba. Kisha kajicheka mwenyewe, fundi mzima kupaka kuni rangi. Nikacheka naye mpaka machozi. Nilijisikia mwepesi, nikaja kuwasha jiko.

Sasa hivi kaacha msumeno, kaja, kasimama upande wa pili wa jiko. Vumbi la mbao kwenye nyusi. Kauliza, kwa sauti ya chini tu: ile Jumatano, wakati najisifu, ulikuwa unanicheka au unanionea huruma?

Nimechukua daftari, najifanya naandika oda. Wateja hata hawajafika. Mbavu zinataka kugeuzwa, na yeye bado amesimama.