Milango Minne ya Sechelela

Mdogo wangu Hadija,

Mbukwa. Najua umeshaanza kutabasamu, maana hilo ndilo neno la kwanza la Kigogo nililokufundisha, na ulilishika kwa nguvu hata ukawa unawaamkia punda. Mimi ni mzima. Macho yananisumbua kidogo kwa moshi na magoti yanalalamika, lakini barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Huku Mpwapwa, kwa wamisionari, nakaa benchi moja na watoto wadogo kujifunza kusoma na kuandika, na kwa kelele nawashinda wote. Anayekusomea asome taratibu, na ukicheka angoje umalize.

Kilichonishikisha kalamu ni binti yako Sechelela. Amekuja kukaa nasi mpaka mavuno yaishe, na yule mtoto wake uliyemwacha mchanga sasa anatembea. Juzi asubuhi alinijia uso umemshuka. "Mama mkubwa," akasema, "mtoto ananitapikia usiku. Si kila usiku. Na kukikucha hana homa, haharishi, anakimbiza kuku tu." Hadija, nilicheka mpaka nikajishika ukuta. Binti yako akanuna, akadhani uzee umenipanda kichwani.

Nilikuwa nakukumbuka wewe na huyo huyo Sechelela, alipokuwa na kimo cha chungu cha maji. Unakumbuka? Mchana alikuwa moto wa kuotea mbali. Anavuta mikia ya ndama, anakula, anacheka, anaanguka na kuinuka bila kulia. Halafu usiku mmoja katikati ya siku nyingi njema, anakaa ghafla kitandani, anatapika yote, anajifuta mdomo kwa shuka yako na kulala tena kama si yeye. Wewe ndiye uliyebaki macho.

Kila mtu kwenye tembe lile alikuwa na sababu yake. Mama mkwe alisema ni meno. Mume wetu alisema ni maziwa ya yule ng'ombe mwekundu, ambaye hakuwahi kumpenda tangu alipompiga teke. Mimi nilisema kikohozi, kwamba moshi unamkaba akilala. Wewe ukasema kwenu Kondoa watoto hawafanyi hivyo, na sote tukakasirika pamoja kwa mara ya kwanza.

Ila wifi yetu alisema ni jicho. Hakutaja la nani. Hakuwa na haja. Mimi nilikuwa mke mkubwa nisiye na mtoto, na wewe uliletwa ukiwa msichana na mwaka haukupita ukawa na mimba. Mtu yeyote angeweza kuunganisha hayo mawili akiwa amesinzia. Mume wetu, kwa kuchoshwa na maneno, alikubali kwamba kazi ya barabara tuliyolazimishwa na serikali ikiisha ataitwa mganga. Nilijua kidole cha mganga kitaelekea mlango gani. Usiku nilikuwa nawaza kaka zangu watanipokeaje, mwanamke mzima nimerudishwa na jina la mchawi, na nani atakaa na mimi kizingitini tukichambua mlenda.

Na wewe siku zile ulinisalimu, ulinichotea maji, ulinipa mtoto nimshike, lakini ulikuwa unaniangalia. Nilikuwa naona. Sikukulaumu, kwa sababu mwanao alikuwa mmoja tu na mimi ulikuwa hujanijua vizuri. Iliniuma hata hivyo.

Ile barabara ya boma ilitutoa sote nyumbani, wake kwa waume, isipokuwa mama mkwe aliyebaki na watoto. Jumbe anapita alfajiri kutuita, tunakwenda kufyeka na kubeba mawe, tunarudi jua likiwa chini na hakuna mwenye nguvu ya kusema. Jioni ile tulipofika kila mmoja aliinamia jiko lake, na wewe ukasema unapanda kwenye paa bapa la tembe kukusanya mtama ulioanikwa. Nikajiambia, mtama gani huo, nimeuona mama mkwe ameshaushusha. Nikachochea moto wangu.

Habari za ulichokiona huko juu umetusimulia mara nyingi hata nadhani nilikuwa nimekaa kando yako. Ulikuwa umeshamlisha Sechelela ugali wa mtama mpaka akausukuma mkono wako. Akatoka mlangoni kwako akipepesuka, akavuka ua, akasimama mlangoni kwa mama mkwe kwa ile sura yake ya yatima. Mama mkwe akampa uji wa uwele na samli. Akatoka hapo, akaenda kwa wifi. Wifi, huyo huyo wa jicho, akampakata na kumlisha karanga za kuponda mpaka mashavu yakajaa. Akatoka hapo tumbo limetangulia, akaja kwangu.

Kwetu mtoto akisimama mlangoni watu wakila, anapewa. Haulizwi kama amekula kwao, maana kuuliza ni kumwambia mama yake kwamba hapiki. Kwa hiyo hakuna aliyeuliza na hakuna aliyesema, na kila mmoja wetu alilala akiamini kwamba ni yeye peke yake aliyemshibisha mtoto. Siku za kawaida tulipika kwa nyakati mbalimbali, na Sechelela alishikwa na usingizi kwenye mlango wa pili. Siku za barabara majiko yote yaliwaka pamoja. Alizunguka milango yote minne kabla mate hayajamkauka, kisha tukamlaza hapo hapo kwa sababu sisi wenyewe tulikuwa hoi. Tumbo la mtoto yule lingekuwa gunia lingepasuka.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijawahi kukwambia. Jioni ile nilikiona kivuli chako. Jua lilikuwa nyuma yako, na kivuli cha mtu aliyechuchumaa kwenye paa kilikuwa kimelala uani mpaka karibu na mlango wangu. Nilielewa mara moja kwamba naangaliwa. Kibuyu cha maziwa ya mgando kilikuwa mkononi na Sechelela alikuwa ameshafumbua mdomo. Nikakishusha kibuyu, Hadija. Nikawaza, nikimpa, akitapika leo, nimekwisha. Nikawaza tena, nikimnyima, nitakuwa nimemnyima mtoto kwa kumwogopa mama yake. Nikammiminia kwenye kata, nikampuliza kipaji cha uso kama tulivyozoea ili acheke kwanza, akanywa.

Ndipo nikakusikia unacheka huko juu. Ulicheka mpaka mama mkwe akatoka na mwiko akidhani umepandwa na pepo wa kwenu. Ulitaka kusema ukashindwa, ukawa unaonyesha milango kwa kidole, huu, na huu, na huu, na huu, na machozi yanakutoka. Wifi ndiye aliyeelewa kwanza. Akatazama karanga zilizobaki mkononi mwake, akazitupia kinywani na kutafuna kwa hasira. Mganga hakuitwa, na mume wetu alikwenda kumwomba radhi ng'ombe mwekundu.

Na dawa ukaitoa wewe, mgeni, bila kuvunja adabu ya mtu yeyote. Anayemlisha wa kwanza ampake masizi puani. Mwingine akiona pua nyeusi hampi chakula, anampa maji na mchezo, na hakuna aliyelazimika kuuliza kitu. Kutapika kukaisha. Baada ya muda Sechelela akagundua kwamba masizi yanafutika, akawa anatujia na pua safi na mkono mweusi mpaka kwenye kiwiko, sura ile ile ya yatima. Tukambadilishia tukampaka kisogoni.

Siku unaondoka kwenda Kondoa kumuuguza mama yako, ulinishika mkono njiani ukaniambia, "Dada, siku ile sikupanda kuangalia chakula. Nilipanda kukuangalia wewe." Nikakujibu, "Haya, nenda, wenzako wanakuacha." Sikuweza kusema zaidi. Leo naweza. Wenye maneno walikuwa wengi, na waliniangalia kwa maneno yao. Wewe ulipanda juu ukaangalia kwa macho yako. Nimekaa kwenye tembe hili na jina langu safi mpaka nimeitwa bibi, na ni kwa sababu yako. Nakupenda, mdogo wangu.

Basi juzi, nilipomaliza kucheka, nilimwambia Sechelela apande kwenye paa jioni, asiulize kwa nini. Milango imeongezeka siku hizi, wifi ana wake wa wanawe, kila mmoja na jiko lake. Jua liliposhuka mjukuu wetu alinijia mlangoni, na kivuli cha binti yako kimelala uani, kirefu kama chako. Safari hii kibuyu sikukishusha. Nikamimina. Kisha kicheko kikasikika juu, Hadija, na ni chako kabisa, hata pale unapokosa pumzi. Aliposhuka nikamfundisha ile dawa yako.

Leo jioni mjukuu amekuja na masizi puani, mengi, mama yake hakuwa na mzaha. Akasimama, akanitazama kwa sura ile. Nikaangalia kwenye paa, hapakuwa na mtu. Nikamfuta pua kwa pembe ya kanga yangu, nikampa kata moja ndogo.

Akitapika usiku, sababu unaijua wewe na mimi tu. Mama yako akipata nafuu, njoo.

Ni mimi dada yako, mke mwenzio wa mlango wa nne.