Kwa Mwalimu Selestine, Aliyesema "Ninaumwa"

Mwaka umetimia, Mwalimu Selestine Nkwabi, tangu Jumamosi ile ya Kwaresima ya 1952 ulipotoka nyumbani ukiumwa, ukaenda zahanati kutibiwa, ukaishia kuwahudumia wengine. Watu wa kambi ya dhahabu hapa Geita wanaijua habari hiyo, na wengi wanaisimulia vilabuni wakicheka. Sisi watu wako tumeona mara hii tuisimulie wenyewe, mbele yako.

Kwanza mema yako, maana ndiyo desturi, na wewe ulipenda desturi. Ulizaliwa Samuye katika nyumba yenye ng'ombe wengi na maneno machache, na hadi leo hatujui furaha yako uliitoa wapi. Ulikwenda shuleni kufundisha ukiimba nyimbo za kanisani juu ya baiskeli. Baiskeli yenyewe uliiita Pasaka, kwa sababu ilikufa kila Ijumaa na kufufuka Jumapili. Mtoto aliyenuna darasani ulimwambia Mungu hakumpa meno ayafiche. Padri alikuonya kwamba unatabasamu hata ukiongoza Njia ya Msalaba. Ulimjibu kwamba wewe unajua inavyoisha.

Jioni uliwafundisha wachimbaji kuandika majina yao. Aliyevunjika mguu shimoni ulimpakia kwenye Pasaka na kumsukuma hadi zahanati. Kisima cha kambini ulianza kukichimba peke yako, wanaume wakaja kukusaidia kwa kuona haya. Hakuna aliyekutuma. Nasi nyumbani tulikula ugali uliopoa tukikungoja, na hatukupenda. Tuseme ukweli, Baba Klara, mwaka mzima wa sifa umetosha.

Jumamosi zilikuwa za zahanati. Dresa Herman, mtoa dawa wa hapo, aliletwa kutoka mbali, Kisukuma hakijui, na Kiswahili cha wagonjwa wengi ni cha salamu tu. Basi ulikaa kwenye kigoda katikati yao, ukawa mdomo wa kila mgonjwa. Na ulikuwa na namna yako. Hukusema "anaumwa sikio." Ulisema "ninaumwa sikio," ukalishika na la kwako. Mimi mkeo nilikuuliza kwa nini.

"Mama Klara," ukaniambia, "mgonjwa akisemwa 'huyu, huyu,' anageuka mzigo. Nikisema 'mimi,' dresa anamwona mtu."

Niliyaona ni maneno mazuri. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Wako uliponza tumbo.

Asubuhi ile uliamka umejikunja, tumbo likikukata upande wa kulia. Nilitaka twende wote. Ukasema nibaki na watoto, Herman ni rafiki yako. Pasaka hukuipanda, uliisukuma ukiiegemea. Yaliyotokea huko tumeelezwa na waliokuwapo.

"Hujambo, Mwalimu?" Herman alikusalimu.

Ukajibu, "Sijambo." Mtu aliyelelewa hujibu sijambo kwanza, hata akiwa na mkuki mgongoni, kisha ndipo huleta shida yake. Herman hakuingoja shida. Alikusogezea kigoda chako, akamwita mgonjwa wa kwanza, mzee Mabula, aliyekuja na sikio.

"Ninaumwa tumbo," ukasema. "Linanikata tangu jana."

Herman akammiminia Mabula kikombe cha mafuta ya mbarika, dawa ya kuendesha tumbo.

"Siyo yeye. Ni mimi," ukasema, na ukacheka, kwa kuwa kucheka kulikutoka tu hata kwenye maumivu.

"Ndiyo, ni wewe," Herman akasema, naye akacheka. "Mwalimu leo kaamka na mzaha. Mzee, kunywa yote."

Hapo ungeweza kupiga kelele. Ungeweza kulala sakafuni mpaka wakuelewe. Lakini uligeuka ukaona foleni mlangoni, akina mama na watoto wenye homa, ukajiambia nani atawasemea. Ukawasemea wote. Homa zao zikawa zako, na vidonda vyao, na kikohozi. Kila mmoja akapata dawa yake akaondoka, isipokuwa Mabula, aliyekwenda porini mbio.

Wa mwisho alikuwa bibi Mbuke, mwenye jicho moja bovu. Kwa lile zima aliona ambacho wenye mawili hawakukiona. Alikuita ng'wanawane, mwanangu, akakushika paji la uso, akamgeukia Herman na kumwambia kwa Kisukuma kwamba mwalimu huyu anakufa.

"Anasema nini?" Herman akakuuliza.

Nawe, mkweli mpaka mwisho, ukamtafsiria. "Anasema mwalimu huyu anakufa."

Herman akacheka tena. Ukaanguka na kigoda chako.

Lori la kambi lilikufikisha hospitali jioni. Daktari alisema kidole tumbo kilikuwa kimepasuka, na kwamba ungeletwa asubuhi ungepona. Aliniambia hayo kwa upole, kama anayenipa zawadi.

Huko vilabuni hadithi inaitwa "sikio lililoharisha." Mabula huisimulia mwenyewe, na watu humtilia pombe. Simulia, mzee. Uliharisha siku mbili ukapona.

Herman alikuja matangani akakaa chini nje ya ua, akalia. Majuzi alikuja tena, akaomba jina lake liwemo humu kati ya wanaokukumbuka. Tulikaa kikao cha ukoo kwa ajili ya hilo. Kaka yako Marselino alisema tuliandike, kwa sababu wewe ungeliandika. Ni kweli, ungeliandika la kwanza. Ndiyo maana wewe uko Samuye chini ya udongo na sisi tuko hapa tunaandika. Jina la Herman halimo.

Lakini kipo tulichompa. Binti yako Klara amekuwa mkubwa, na ana kicheko chako kile kile. Tumemkalisha kwenye kigoda chako. Padri ametusifu kanisani kwamba tumesamehe, nasi hatukumsahihisha. Klara tulimpa sharti moja tu, aseme kama ulivyosema wewe. Basi kila Jumamosi anashika tumbo lake mbele ya Herman na kusema, "Ninaumwa." Na kila mara mkono wa Herman husimama juu ya chupa, na hana budi kuuliza.

"Wewe, au yeye?"

Klara hakosi kucheka kidogo kabla ya kumjibu, "Yeye." Tangu aanze, hakuna mgonjwa aliyekunywa dawa ya mwenzake. Hilo ungelifurahia. Sisi tunafurahia lile lingine.

Unakumbukwa na mkeo Generosa. Wanao Klara na Donatus. Kaka yako Marselino. Dada yako Euphrasia. Na mama yako huko Samuye, ambaye tangu siku ile akiulizwa hujambo, hajibu.

Daima utakuwa midomoni mwetu, Mwalimu. Herman naye hatakusahau. Jumamosi ijayo Klara atakuwa kwenye kigoda.