Vyuma vya Ubavuni

Zahanati, 3 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila mgongo unalalamika, na huo ulishazoea kulalamika tangu nianze kazi hii ya udereva. Wasiwasi wangu ni juu yako na macho yako. Shangazi ananiandikia kwamba unatokwa machozi mchana kutwa. Wewe unaniandikia kwamba ni vumbi. Nimwamini nani?

Gari lako linatembea. Lakini wiki iliyopita tuliteleza tukakalia jiwe, upande wa kushoto, na bodi ya chini ya mlango ikabonyea ndani. Mlango wa Sista ukagoma kufunguka. Sista ndiye muuguzi wetu, yule ninayempeleka vituo vya juu na sanduku la chanjo. Ilibidi atokee dirishani, mguu mmoja kwanza, huku akisema mama yake hakumzaa kwa shida ile ili aje apite madirishani kama paka. Tulicheka sana. Nilipofika kwangu sikucheka tena, maana niliwaza, je, tungekuwa tumelalia mlango wangu na moto unawaka?

Mganga mkuu ameagiza vyuma vya ubavuni, vya kukinga milango na mawe, na vimefika na lori la mahitaji: mabomba mawili mazito, kila moja na miguu mitatu yenye matundu ya bolti. Vimekuja bila karatasi ya maelezo na bila fundi. Fundi wa karibu yuko mwendo wa siku mbili, kwa barabara hii hii. Kwa hiyo fundi ni mimi. Simu ya hapa haijapona tangu mvua za mwaka jana, basi niandikie. Barua zinapanda na lori kila Ijumaa.

Nianzie wapi, Baba?

Mwanao

*

Nyumbani, 19 Februari

Spana wangu,

Marahaba, mwanangu. Mimi mzima, shangazi yako mzima, ulimi wake mzima zaidi. Mambo ya macho ni vumbi. Fundi wa miaka thelathini na tisa asipopata vumbi machoni, alikuwa anafanya kazi gani?

Sasa sikiliza, na usinifanye nirudie. Kwanza, jeki si rafiki. Jeki inainua, haishikilii. Ukishainua gari, weka magogo au matofali chini ya chasisi, litikise kwa nguvu zako zote, ndipo uingie chini. Nimezika watu walioiamini jeki.

Pili, miguu ya vyuma inafungwa kwenye chasisi. Mtu akikwambia funga kwenye bodi, mpe chai aende zake. Bodi ni shati, chasisi ni mifupa. Chuma kilichofungwa kwenye bodi kikigonga jiwe kinaukunja mlango kwa ndani, na hapo umejifungia mwenyewe.

Tatu, kabla ya kutoboa, kwangua rangi kwa brashi ya waya mpaka uone chuma cheupe. Pima kutoka gurudumu la mbele, kulia na kushoto, vilingane. Tia bolti zote kwa vidole kwanza, kisha kaza moja moja kwa zamu. Ukimaliza endesha wiki moja, ukaze tena. Paka rangi ulipotoboa, kutu haina huruma.

Kumbuka ulipokuwa na miaka saba, kazi yako ilikuwa kugonga magamba kwenye mishono yangu ya kuchomelea kwa nyundo ndogo. Nilikufundisha: mshono mzuri umeingia ndani ya chuma, mbaya umekaa juu yake. Macho unayo. Tazama kila kitu.

Gari hilo nililikuta limelala shambani kwa watu, kuku wanatagia humo. Miezi minane nililitengeneza ili ukapate kazi. Kazi yangu ya mwisho, na sioni haya kusema ni nzuri. Usiangalie mwandiko mkubwa. Karatasi za mistari zimeadimika.

Baba yako

*

Zahanati, 6 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mzima mimi, vidole tu vimechubuka. Shangazi nisalimie.

Upande wa kulia umekwisha. Siku mbili na nusu, kwa drili ya jenereta inayozimika kila vyombo vya tiba vinapochemshwa. Sista alinishikia bomba begani huku akiimba, na akiimba huyo hata bolti inataka kufunguka ikimbie. Nilipomaliza alipanda juu ya chuma na viatu vyake vya kazi, akarukaruka, akasema, "Dereva, sasa ninaingia garini kama bibi harusi." Hakikutikisika.

Upande wa kushoto nimesimama. Mguu wa kati unaangukia mahali penye bamba lililochomelewa, usawa wa kiti cha Sista. Nilikwangua rangi kama ulivyosema. Mshono wa bamba umekaa juu ya chasisi kama nta ya mshumaa. Ncha ya bisibisi inaingia chini yake. Nadhani kuna fundi aliyepita hapo kabla yako, na wewe hukuona kwa sababu palishapakwa rangi. Ni fundi gani huyo, Baba?

Nifunge juu ya bamba hilo, au nilisimamishe gari mpaka lipatikane lori la kulibeba? Mvua zinakaribia na vituo vya juu wanasubiri chanjo. Neno lako ndilo nitakalofuata.

Mwanao

*

Nyumbani, 21 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima.

Fundi wa zamani wako wengi na wengine wamekwisha kufa, hatuwezi kuwafufua. Bamba hilo ni la kuongezea nguvu tu. Halibebi kitu. Funga juu yake, tumia bolti ndefu na washa pana chini ya nati. Kaza vizuri.

Wasalimie wote huko.

Baba yako

*

Zahanati, 4 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimefanya ulivyosema, na vyuma vyote viwili vimekaa. Mganga mkuu ametoka ofisini akavizunguka mikono nyuma, mtu ambaye hajawahi kusifu hata mvua. Juzi tulipita palepale kwenye jiwe letu. Chuma kilikwaruza, gari likateleza pembeni, milango yote ikafunguka. Sista amemwandikia mama yake habari hiyo, kurasa mbili.

Nimekaza tena baada ya wiki, kama ulivyoagiza. Kuna sauti, kama kitanda cha zamani, nikikata kona ya kulia na uzito ukalalia kushoto. Labda ni bolti zinajizoesha.

Barua yako ilikuwa fupi, na mistari ilipandana. Shangazi anasema siku hizi unatembea umeshika ukuta. Baba, kama kuna jambo, liseme. Sitakasirika. Tunapanda vituo vya juu tarehe 26.

Mwanao

*

Nyumbani, 22 Aprili

Mwanangu,

Mwandiko huu ni wa shangazi yako. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimemwambia akinikatiza namtafuta mwandishi mwingine, na anajua sina.

Sikuulizi hali leo. Simamisha gari. Usilipeleke popote, hata kuliosha.

Fundi aliyechomelea bamba lile ni mimi. Chasisi ilikuwa na ufa, nikaufunika. Wakati ule jicho la kulia lilikuwa limekwisha na la kushoto nilikuwa nikiliombaomba. Nilichomelea kwa kusikiliza. Mshono ukiingia vizuri unalia sawasawa, na mimi nilisikia unalia sawasawa, au nilitaka kusikia. Kisha nikapaka rangi haraka, maana kidole changu kilipita juu yake na kikajua. Ulikuwa uanze kazi Jumatatu, na siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Nilijiambia bamba litasaidia hata likiwa vile.

Ulipouliza ni fundi gani, nilikaa na barua yako siku nne. Kusema "ni mimi" ilikuwa kusema nimekwisha. Nikakuandikia ufunge. Hilo la pili ni baya kuliko la kwanza. La kwanza nilikuwa kipofu.

Barua yako ya mwezi huu ilinikuta tarehe 11. Shangazi alinisomea hiyo habari ya sauti. Nilijua siku ileile, lakini ili kukwambia wewe ilibidi kwanza nimwambie yeye, na lori la Ijumaa moja likapita nikiwa nimefunga mdomo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nakuomba kisiwe chako.

Shangazi ataipeleka barua hii mwenyewe, amkabidhi dereva wa lori mkononi. Nimemwambia amwombe akimbie.

Baba yako

*

Zahanati, 17 Mei

Baba,

Shikamoo. Hii utasomewa. Shangazi, naomba usiruke mahali, hata pale utakapotaka kuruka.

Mimi mzima. Mkono wa kushoto umefungwa na mbavu mbili zimevunjika, nitapona.

Barua yako ilifika tarehe 29 Aprili. Sisi tuliondoka tarehe 26, kama nilivyokwambia. Mvua ilikuwa ndogo, barabara haikuwa mbaya kuliko siku nyingine. Kwenye kona ya tatu juu ya mto, nakata kulia, nikasikia ile sauti ya kitanda, kisha mlio mmoja mfupi. Chasisi iliachia kwenye bamba. Gari lilijikunja katikati na kulalia upande wa kushoto, upande wa Sista. Alikuwa na sanduku la chanjo mapajani kwa sababu hakutaka lirukeruke. Niliongea naye mpaka asubuhi. Kuanzia wakati fulani nilikuwa naongea peke yangu.

Chuma cha kushoto hakikupinda. Kiko nyuma ya zahanati, kimeshikilia kipande cha chasisi, na bolti zangu hazijalegea hata moja. Nilikaza vizuri.

Sasa lililobaki. Mshono wako, Baba, ukifika mwisho unapinda mkia kidogo kushoto. Nimeugonga magamba tangu nina miaka saba. Ningeutambua gizani, na siku ile palikuwa mchana na nilikuwa na brashi ya waya mkononi. Nilijua ni wako kabla bisibisi haijaingia. Nilikuuliza ni fundi gani ili nikuachie njia. Nilitaka useme mwenyewe, au useme chochote kingine ambacho ningeweza kukitii bila kukuaibisha. Ukasema funga. Nikafunga, nikijua ninachofungia. Kila aliponiuliza Sista ile sauti ni ya nini, nilimwambia ni bolti zinajizoesha.

Kwa hiyo usibebe peke yako. Wewe ulinificha macho yako, mimi nikakusitiri mshono wako, na Sista akakaa katikati yetu kwenye kile kiti. Hakuna aliyemwuliza yeye.

Katika barua iliyofuata, baada ya kusikia ajali, umeniomba kupitia kwa shangazi nije nyumbani. Sijui, Baba. Sina hasira, ningekuwa nayo ingenisaidia kuamka. Nikifika nyumbani tutakaa wawili chumba kimoja na hakuna hata mmoja wetu atakayeweza kumwambia mwenziwe pole.

Mama yake Sista alikuja kumchukua, mama mfupi, mikono imejaa nguo alizomletea mwanawe za kumvalisha. Alinitafuta wodini. Nilidhani amekuja kuniuliza, na nilikuwa tayari kusema yote. Akanishika mkono huu mzima. Akaniambia binti yake alimwandikia kwamba dereva amefunga vyuma ubavuni kwa mikono yake mwenyewe, na tangu apate barua ile, yeye, baada ya miaka miwili ya kukesha, alikuwa analala usingizi. Akanishukuru kwa wiki zile tatu.

Nilisema, "Ni barabara, mama. Barabara mbaya." Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kunishukuru, nami nikaipokea ile shukrani. Nusu yake ni yako.

Mwanao